Niliomba kuingia second year Mbale, kamati ikadhani mimi ni mfungwa

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Juzi nimesoma uzi wa kijana analalamika kwamba chuo kikuu kimekataa kuhesabu masomo yake ya diploma, anataka kukata tamaa. Nikasema ngoja na mimi nitoe yangu. Ni kweli tupu, chumvi sijaongeza, na pale nilipofanya upumbavu nitasema nilifanya upumbavu.

Mimi ni Mganda, mama wa watoto watatu. Kiswahili changu nimekipata kota za askari, kwa hiyo walimu wa lugha mnisamehe mapema.

Twende.

Baba yangu alikuwa askari magereza, cheo sajini. Kwetu ni Lira, lakini nilipokuwa na miaka tisa alihamishiwa gereza moja la Jinja na sisi wote tukahamia naye. Nyumba za askari zilikuwa ndani ya uzio uleule wa gereza. Wafungwa upande ule, sisi upande huu, geti moja.

Kota ilikuwa na Walango, Waacholi, Wateso, Wagisu, kila nyumba na lugha yake, tukawa tunakutana kwenye Kiswahili. Huko mjini Wasoga wakikusikia unaongea Kiswahili wanajua huyu ni mtoto wa askari, wanakupa nafasi upite. Si kwa heshima. Watu walikuwa bado wanakumbuka miaka ya utawala wa wanajeshi, waliowanyanyasa kwa Kiswahili hichohicho.

Sasa kuna mambo mawili ya malezi ya kota lazima myajue, maana ndiyo yaliyoniponza.

La kwanza, mtu mkubwa yeyote ni "afande", na akikuuliza kitu unajibu kile alichouliza, basi. Huongezi, hupunguzi, huelezi. Mtoto anayeeleza sana kota wanamwona ana kitu anaficha.

La pili, hakuna barua inayotoka bila kupita kwa OC, yaani mkuu wa gereza. Watu wa vijiji vya jirani, Mafubira au Budondo, wakitaka barua ya utambulisho wanakwenda kwa mwenyekiti wao wa LC, yaani serikali ya mtaa. Sisi mwenyekiti wetu alikuwa OC. Barua ya ubatizo, OC. Barua ya shule, OC. Shangazi yangu aliposwa, barua ya kuwajibu wakwe ilipita kwa OC ikagongwa muhuri.

Baada ya form six alama zangu hazikutosha kuingia chuo kikuu. Zilipungua kidogo tu, lakini kupungua ni kupungua.

Nikajiunga na chuo cha jamii kule Mpumudde. Kilikuwa kimeanzishwa na wazazi na kanisa, tunasomea kwenye madarasa ya shule ya msingi, watoto wakitoka sisi tunaingia. Madawati yale mafupi, magoti yanagusa kidevu. Nilisoma maendeleo ya jamii miaka miwili, naenda kwa miguu, siku za mvua napanda boda, na enzi hizo boda ilikuwa baiskeli, msije mkafikiri pikipiki.

Walimu wetu walikuwa wazuri, sitawasema vibaya. Nilimaliza wa pili katika darasa la watu thelathini na kitu.

Tatizo likaja. Baba alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Askari akistaafu anarudisha sare, anarudisha nyumba, familia inarudi kijijini. Degree ilikuwa miaka mitatu. Nikianza first year, mwaka wa tatu utanikuta Lira ninapalilia mtama, mshahara wa kulipa ada hakuna, na hapo shule imekwisha. Nikiingia second year moja kwa moja kwa kuhesabiwa ile miaka miwili ya Mpumudde, namaliza baba akiwa bado kazini.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa moja tu. Second year au hakuna.

Mbale kulikuwa na chuo kikuu kidogo kinaanza anza. Msihangaike kubahatisha, si kile mnachokijua. Hiki kilikuwa na majengo manne na siku hizi hakipo. Nikasikia wanapokea watu wa diploma. Nikaandika barua ya maombi, nikaambatanisha transcript na maelezo ya kila somo tulilosoma, kurasa kama kumi na tano, mkuu wa chuo chetu alizipiga taipu mwenyewe kwa vidole viwili.

Nilitaka niiposti siku hiyohiyo. Baba akaikataa.

"Hii imepita wapi?" akauliza.

Nikamwambia imepita kwa mkuu wa chuo.

"Na OC?"

"Baba, chuo kikuu hawajui OC."

"Barua bila kupita kwa OC ni barua ya mutoro," akasema. "Mimi sitaki watu waseme mutoto ya Sajini ametoroka."

Barua ikaenda kwa OC. Alikuwa mtu mwema sana yule, Mungu amrehemu. Akaandika kwa mkono wake pale chini: "Akello amekuwa nasi hapa miaka kumi na tatu. Tabia yake ni njema. Sina pingamizi aende kusoma." Akapiga muhuri wa gereza, mkubwa, wino mwekundu. Na anwani ya kunijibu ilikuwa sanduku la posta la gereza, maana wote pale kota tulitumia hilohilo.

Sasa jiweke wewe uko Mbale, hunijui, unaipokea barua hiyo.

Mimi wakati huo sikuona kitu. Nawaapia, hata kidogo. Ukiwa umekulia mahali, hujui panavyoonekana kwa nje.

Wiki kama tano zikapita. Majibu yakaja: niende Mbale kwa interview, na nifike "nikiwa na ofisa wa kunisindikiza".

Baba alifurahi hamjawahi kuona. Akaisoma ile barua mara tatu, akamsomea mama, akamsomea jirani. "Hawa watu wanaelewa kazi," akasema. "Wanataka ofisa. Si kila chuo kinajua heshima hiyo."

Siku ya siku akavaa sare kamili. Buti zinang'aa, mkanda, kofia, vyeo begani. Mimi nilivaa gauni la bluu la kanisani. Tukaondoka alfajiri, tukapita Iganga na Tirinyi, saa nne tuko Mbale tunauangalia mlima.

Pale getini mlinzi alipomwona baba akasimama wima. Karani akatoka, akaniangalia mimi, akaangalia mikono yangu, akamwambia baba kwa sauti ya chini, "Afande, kaa hapa karibu na mlango, asikupotee." Akampa kiti. Baba akashukuru. Mimi nikaona wametupokea vizuri.

(Ngoja nikamtoe kuku wangu bustanini, narudi.)

Nimerudi.

Ndani walikuwa watatu. Mwenyekiti, mzee wa Kigisu mwenye miwani minene. Msajili, mwanaume mwembamba aliyekuwa anaangalia saa yake muda wote. Na mhadhiri mmoja mwanamke, nitamwita Madamu Khainza. Tuliongea Kiingereza, nawaandikia kwa Kiswahili.

Wote waliniangalia kwa upole, upole wa msibani. Mwenyekiti akaanza.

"Umekaa mle tangu lini?"

"Tangu nikiwa na miaka tisa, afande."

Wakatazamana.

"Miaka tisa," akarudia. "Mlilala wangapi chumba kimoja?"

"Sita, afande." Ni kweli. Mimi, wadogo zangu wanne, na binamu.

"Taa za kusomea mlikuwa nazo?"

"Hadi saa nne, afande. Baada ya hapo wanazima."

"Na hiki chuo cha Mpumudde, walikuruhusuje kwenda?"

"OC aliruhusu. Ilimradi niwe nimerudi kabla geti halijafungwa."

Madamu Khainza alikuwa anaandika, akaacha. Akaniuliza taratibu, "Na mama yako? Huwa anakuja kukuona?"

"Mama yuko humohumo ndani, madamu."

"Yeye pia?"

"Ndiyo. Na wadogo zangu. Wawili wamezaliwa humo."

Kalamu ikamdondoka.

Wakuu, najua mnacheka. Mimi pia nacheka sasa hivi, mume wangu ananiuliza kuna nini. Lakini siku ile nilikuwa najibu maswali. Niliulizwa nikajibu, kama nilivyofundishwa. Nilidhani wanataka kujua kama nina mazingira ya kusoma.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta. Akasema, "Kamati haitakuuliza kosa lililowapeleka huko. Hilo ni lenu na mahakama. Mtu aliyesoma katika kifungo mpaka hapa, sisi ni nani tumrudishe nyuma. Tumekukubalia mwaka wa pili."

Akasaini karatasi, akanisogezea.

Hapo ndipo nilipoelewa. Lile neno "kifungo" lilinishuka mwilini kama maji ya baridi. Nikaiona barua yangu mezani, ule muhuri mwekundu, nikaelewa kila kitu kwa mara moja: ofisa wa kunisindikiza, karani kuniangalia mikono, kila kitu.

Na nikaona karatasi yangu ya second year, imesainiwa.

Nilifanya nini? Nilisema "Asante, afande", nikaichukua, nikatoka.

Huo ndio upumbavu niliowaahidi. Mtu asiniambie ilikuwa mshtuko. Mshtuko ulikuwepo, lakini mkono wangu ulijua unachofanya.

Nje baba akasimama. "Wamesema nini?"

Nikamvuta pembeni ya veranda, nikamweleza yote kwa kunong'ona. Wamenipa second year. Wamenipa kwa sababu wanadhani mimi ni mfungwa. Na mama mfungwa. Na wewe ndiye umenileta chini ya ulinzi.

Baba akavua kofia. Akawa anaizungusha tu mikononi.

"Mimi nafunga watu miaka ishirini na sita," akasema mwisho. "Mutoto yangu, hapana."

"Baba, wakijua wananirudisha first year. Na first year sisi hatuna."

"Najua."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Hiyo karatasi ni yako, iko na jina yako. Ukisema twende, tunaenda. Lakini mimi siibebi."

Nilimchukia baba dakika ile, nasema ukweli. Yeye ndiye aliyelazimisha barua ipite kwa OC. Yeye ndiye aliyetuvalia sare. Halafu sasa anaosha mikono ananiachia mzigo. Nikakunja karatasi nikaitia kwenye mfuko wa gauni, nikamwambia twende.

Tulikuwa tumeshuka ngazi mbili tu, mlango ukafunguka nyuma yetu. Madamu Khainza. Alikuwa amebeba mkate mzima kwenye karatasi, nadhani alikuwa ameununua wa nyumbani kwake. Akaniwekea mikononi. "Wagawie wenzako huko ndani," akasema.

Halafu akamgeukia baba. Uso ukabadilika. Akamwambia kwa Kiswahili, kile cha mtu asiyekipenda, "Afande, tafadhali. Njiani usimupige."

Baba alisikia. Hakukasirika hata. Aliniangalia mimi tu, kofia mkononi, anangoja.

Wakuu, huyu ni mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa na malaria kutoka kota mpaka hospitali, mvua inanyesha. Hajawahi kunichapa tangu nizaliwe, mama ndiye aliyekuwa na fimbo. Na sasa anasimama kwenye ngazi za watu anaambiwa asinipige, na anakubali kuambiwa, kwa sababu mimi nataka karatasi.

Sikuweza. Machozi yalitoka kabla ya maneno.

"Madamu," nikasema, "huyu ni baba yangu."

Hakuelewa. Nikarudia. Huyu ni baba yangu mzazi, ni askari, tunakaa kota, mimi si mfungwa, mama si mfungwa, mkate chukua. Yote kwa pumzi moja. Nilieleza kuliko nilivyowahi kueleza kitu maishani.

Madamu akakaa palepale kwenye ngazi. Akaweka mkono mdomoni. Sikujua kama analia au anacheka, nadhani vyote. Kisha akainuka, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akapiga magoti kidogo kama wanavyosalimia kwao, akamwomba radhi. Baba akasema tu, "Hapana shida, madamu. Ni kazi."

Tukarudi ndani.

Msajili aliwaka. "Umetudanganya!" Nikasema sikudanganya, niliulizwa nikajibu. Halafu nikajirudi nikasema, "Lakini mwisho nilijua, na nikasema asante. Hapo nilidanganya." Nikaitoa karatasi nikaiweka mezani.

Mwenyekiti aliitazama, akaitazama barua ya OC, akalivuta faili langu. Akaanza kufunua zile kurasa kumi na tano. Baada ya muda akauliza wenzake, "Kuna aliyezisoma hizi?"

Msajili akaangalia saa yake. Madamu akainamisha kichwa.

Jamani, hapo ndipo iliponiuma zaidi ya kuitwa mfungwa. Miaka miwili ya Mpumudde, magoti kwenye kidevu, mkuu wa chuo na vidole vyake viwili, na hakuna aliyefungua. Walinipa kwa kunihurumia, na kama si kunihurumia wangeninyima vilevile bila kufungua.

Mzee akaichana ile karatasi. Nikajua basi.

Kisha akasema, "Wiki mbili kuanzia leo kuna mitihani ya marudio ya mwaka wa kwanza. Utakaa na hao wanaorudia. Masomo matatu. Ukifaulu yote, unaingia mwaka wa pili kwa halali. Ukianguka hata moja, unaanza mwaka wa kwanza kama wengine."

Msajili alitaka kupinga, mzee akamwonyesha faili. Madamu Khainza akanikopesha notes zake mwenyewe, daftari tatu.

Zile wiki mbili sijui nizielezeje. Kota nzima ilijua kabla sijavua lile gauni, maana baba alimweleza OC, na OC alicheka mpaka akaomba maji. Wake za askari wakagawana kazi zangu, huyu maji, huyu kuni, mimi nisome tu. Baba aliishia la saba, lakini jioni akitoka kazini alikuwa anashika daftari, anauliza swali herufi kwa herufi, mimi najibu, na yeye anafuata kwa kidole kama maneno yangu yanafanana na yaliyoandikwa. Nikikosea neno moja anasema, "Rudia." Nilikuwa nachukia. Leo ningetoa chochote nisikie ile "rudia".

Nikaenda Mbale, safari hii peke yangu, nikafanya mitihani na watu waliokuwa wamefeli. Takwimu ilinitoa jasho. Mpumudde mwalimu wetu wa takwimu alikuwa ameondoka katikati ya muhula, kwa hiyo nusu nilijifunza kwenye daftari la Madamu.

Majibu yakaja kupitia kwa OC, kama kawaida. Safari hii alimpa baba bahasha haijafunguliwa, na baba akanipa mimi. Saikolojia sitini na nane. Uchumi sitini na mbili. Takwimu hamsini na moja, na kufaulu ni hamsini.

Mama alipiga vigelegele, majirani wakatoka. Mimi nilikaa chini sakafuni nikalia tena, nilikuwa mtu wa kulia tu mwaka ule.

Baba aliichukua karatasi, akaisoma taratibu na kidole chake. Nikangoja aseme neno.

"Hii takwimu," akasema, "kwa nini hamsini na moja?"

Huyo ndiye baba yangu. Lakini mama aliniambia baadaye kwamba ile karatasi aliitembeza mfukoni mwa shati la kazi wiki nzima, na kila zamu mpya ikiingia aliitoa.

Nilimaliza mitihani ya mwisho mwezi Mei. Baba alistaafu mwezi wa saba. Tulihama kota siku moja, yeye na mama na wadogo zangu wakaelekea Lira, mimi nikaelekea Mbale, nilikuwa nimeshapata kazi.

Kwa kijana wa ule uzi: usisubiri wakuonee huruma. Waombe wakufungulie faili. Waambie nipeni mtihani, nipeni wa marudio, nipeni hata kesho. Wakifungua na bado wakakataa, angalau unajua wamekukataa wewe, si mtu mwingine waliyemtunga vichwani mwao. Na masomo ya chuo kidogo usiyaonee aibu. Ile hamsini na moja, mimi najua ni yangu. Ile karatasi ya kwanza ningeitumia maisha yangu yote nikijiuliza.

Haya, uwanja ni wenu. Nani humu ameshawahi kupewa kitu kwa sababu walimdhania kuwa mtu mwingine? Ulirudisha, au ulikunja ukatia mfukoni ukashuka ngazi? Mimi nilishashuka mbili, kwa hiyo sina wa kumcheka.